Kupima Gitaa la Umeme Kabla ya Kulipa: Sauti na Uundaji Wake

Gitaa la umeme ni miongoni mwa bidhaa zinazompendeza mnunuzi kabla hajazifahamu. Rangi yake hung'aa, jina la kampuni huonekana kichwani kwa herufi za kupendeza, na muuzaji akiliunganisha na amplifaya, sauti hujaa duka zima. Hata hivyo, rangi, jina na ukubwa wa sauti ndivyo vitu visivyomweleza mnunuzi lolote la maana. Kasoro zenye kugharimu hukaa kwingine: katika unyofu wa shingo, katika mpangilio wa freti, na katika umbali kati ya vipande viwili ambavyo nyuzi huegemea.

Hasara ya kununua gitaa bovu haiishii kwenye fedha. Mara nyingi chombo hiki hununuliwa kwa michango ya kwaya, kwa akiba ya kikundi cha vijana, au na mzazi anayetaka kumwendeleza mwanawe. Gitaa lisilolingana sauti humfanya mwanafunzi asikie makosa ambayo si yake. Hubonyeza mahali panapostahili, lakini sauti itokayo si ile inayostahili. Baada ya miezi michache huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba hana sikio la muziki, kisha huacha. Kipaji hupotea kwa sababu ya kipande cha mbao kilichopinda.

Katika somo hili tunapendekeza kanuni moja: pima kwanza kile kisichorekebishika, kisha kile kinachorekebishika kwa gharama kubwa, na mwisho kile kinachorekebishika kwa gharama ndogo. Muuzaji aghalabu huonyesha bidhaa yake kwa utaratibu ulio kinyume cha huo. Mnunuzi hana budi kushika utaratibu wake mwenyewe. Si lazima awe mpigaji hodari. Akiwa na tepu ya kupimia, simu yenye programu ya kulinganishia nyuzi, na nusu saa ya utulivu, ataweza kugundua kasoro nyingi zilizo kubwa.

1. Jinsi gitaa la umeme linavyotoa sauti

Chini ya nyuzi kuna vinasa, ambavyo wapigaji wengi huviita pikapu. Kila kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetema juu yake, hutikisa nguvu ya sumaku na kuzalisha umeme mdogo sana ndani ya waya huo. Umeme huo hupita kwenye swichi na vitufe vya kuzungusha, hutoka kwa waya hadi kwenye amplifaya, hukuzwa, kisha spika huugeuza kuwa sauti.

Kutokana na maelezo hayo mnunuzi apate mafunzo mawili. La kwanza, sauti anayoisikia dukani si ya gitaa peke yake. Amplifaya na spika zina sehemu kubwa katika sauti hiyo. La pili, mwili wa gitaa la umeme lililo la kawaida ni ubao usio na uwazi, wala haukuzi sauti kama lile sanduku la gitaa la kawaida. Kazi kubwa ya mbao hapa ni kuzishikilia nyuzi bila kuyumba. Kwa hiyo usikubali aina ya mbao itumike kama sababu pekee ya kupandisha bei. Uliza kwanza kama mbao hizo zimeungwa vizuri na kama zimenyooka.

Magitaa mengi yaliyomo madukani hufuata mojawapo ya miundo miwili ya Marekani: Gibson Les Paul ya mwaka 1952, ambayo shingo yake hugandishwa mwilini kwa gundi, na Fender Stratocaster ya mwaka 1954, ambayo shingo yake hufungwa kwa skrubu nne. Muundo wowote kati ya hiyo waweza kuwa mzuri. Tofauti inayomhusu mnunuzi ni kwamba shingo ya skrubu huweza kufunguliwa na kubadilishwa, ilhali ya gundi ikivunjika huhitaji fundi stadi.

2. Shingo: pahali pa kuanzia

Shika gitaa kama anayelenga shabaha, macho yakiwa upande wa mwili, na utazame kando ya shingo hadi kichwani. Tazama upande wa uzi mnene, kisha upande wa uzi mwembamba. Pande zote mbili zapaswa kuonekana sawa. Ikiwa upande mmoja umeinuka na mwingine umelala, shingo imejisokota. Kasoro hiyo ni vigumu mno kuitibu. Rudisha gitaa rafuni, hata kama bei imepunguzwa.

Sasa pima mpindo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi ulionyooka hivyo umekuwa rula yako. Tazama katikati, karibu na freti ya 7 au ya 8. Panatakiwa pawe na mwanya mdogo sana kati ya uzi na freti, takribani unene wa kadi nyembamba. Mwanya ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Pasipo na mwanya kabisa, yumkini imepinda nyuma, na nyuzi zitakwaruza.

Mpindo wa namna hii, tofauti na msokoto, huweza kurekebishwa. Ndani ya shingo za magitaa mengi ya umeme mna fimbo ya chuma ambayo hukazwa au kulegezwa kwa ufunguo maalumu. Mwombe muuzaji aizungushe kidogo mbele yako. Fimbo isiyozunguka kabisa, au iliyofika mwisho wa kukazwa ilhali shingo bado imepinda, ni sababu tosha ya kutonunua. Kazi hiyo mwachie muuzaji mwenyewe, maana ufunguo ukitumika vibaya huharibu.

Hatimaye chunguza maungio. Peleka gitaa penye mwanga na utazame nyuma ya kichwa, hasa pale kichwa kinapoanza kuinama. Mstari mwembamba chini ya rangi waweza kuwa ufa uliogandishwa na kupakwa rangi upya. Tazama pia pale shingo inapoingia mwilini. Nyuzi mbili za pembeni zapaswa kuwa na umbali unaokaribiana kutoka kingo za shingo. Uzi mmoja ukielekea kuanguka nje, shingo imefungwa upande.

3. Kipimo cha tepu

Gitaa haliwezi kutoa sauti sahihi endapo freti zake hazikupangwa kwa hesabu. Kuna kipimo chepesi cha kuhakikisha jambo hilo. Pale kichwa kinapokutana na shingo pana kipande chembamba chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita. Hapa tutakiita kizingiti. Pima kutoka kizingiti hadi katikati ya freti ya 12. Kisha pima kutoka freti hiyo hadi pale uzi mwembamba kuliko yote unapoegemea kwenye daraja. Vipimo hivyo viwili vyatakiwa kukaribiana sana, cha pili kikizidi kwa milimita chache tu. Kwa nyuzi nene zaidi, ziada hiyo huongezeka kidogo.

Katika magitaa yanayofuata muundo wa Fender, urefu wote kutoka kizingiti hadi daraja ni kama milimita 648, hivyo freti ya 12 hukaa kwenye milimita 324. Yanayofuata muundo wa Gibson huwa na takribani milimita 628. Usishangae ukipata namba nyingine, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana. Jambo la msingi ni usawa wa nusu mbili. Tofauti ikiwa kubwa, na vipande vya daraja haviwezi kusogezwa kuifuta, basi daraja limepachikwa mahali pasipo pake.

4. Freti

Pitisha kiganja polepole kwenye kingo zote mbili za shingo. Ncha za freti hazipaswi kukwaruza ngozi. Hapa kwetu kasoro hii hutokea hata kwa gitaa lililotoka kiwandani likiwa zima. Mbao zilizozoea unyevu wa pwani, zikihamishiwa mahali pakavu kama Dodoma wakati wa kiangazi, hukauka na kusinyaa, ilhali chuma cha freti hakisinyai. Ndipo ncha hujitokeza. Fundi huweza kuzisugua kwa tupa, lakini gharama hiyo ihesabiwe katika bei.

Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja, na upige. Gitaa lenye nyuzi 6 na freti 22 lina mahali 132 pa kubonyeza, na dakika tano hivi hutosha kuvipitia vyote. Sikiliza mambo matatu: mkwaruzo wa uzi unaogonga freti ya mbele, sauti inayokufa upesi kuliko jirani zake, na freti mbili zinazofuatana zitoazo sauti ileile. Zoezi hili lifanywe bila amplifaya, katika ukimya, kwa kuwa amplifaya huweza kuficha mkwaruzo.

Mkwaruzo ulioenea shingo nzima kwa kawaida hutokana na nyuzi kushushwa mno, nao huondolewa kwa kuinua daraja. Mkwaruzo wa mahali pamoja tu humaanisha freti iliyoinuka au jirani yake iliyozama. Kwa gitaa lililotumika, angalia pia vijishimo chini ya nyuzi katika freti za mwanzo. Freti zikilika sana hubidi zibadilishwe zote, na kazi hiyo ni ya gharama.

5. Ulinganifu wa sauti

Washa programu ya kulinganishia nyuzi kwenye simu yako, na uhakikishe imewekwa kwenye kipimo cha 440, ambacho ndicho kipimo cha kimataifa cha sauti ya A. Linganisha nyuzi zote sita. Sasa bonyeza kila uzi kwenye freti ya 12, kwa nguvu ya kawaida, na utazame programu. Freti hiyo hukata uzi katikati, hivyo mtetemo huwa maradufu: uzi wa A hutetema mara 110 kwa sekunde ukiwa wazi, na mara 220 ukibonyezwa hapo. Jina la noti libaki lilelile, na mshale ukae katikati au karibu sana napo.

Iwapo mshale unaenda pembeni, usikate tamaa mara moja. Nyuzi kuukuu zilizoshika kutu hupotosha kipimo hiki, na vipande vya daraja husogezwa kwa bisibisi ili kurekebisha urefu wa kila uzi. Mwombe muuzaji aweke nyuzi mpya na arekebishe ukiwapo. Asipoweza kulifanya gitaa lake lilingane akiwa dukani kwake, usitarajie kwamba litalingana nyumbani kwako.

Pima pia uthabiti. Baada ya kulinganisha, vuta kila uzi kando mara kadhaa kama wafanyavyo wapigaji wa solo, halafu tazama tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo mwanzoni, na hilo ni la kawaida. Lakini ukisikia mlio wa kukatika kwenye kizingiti unapozungusha vigingi vya kukazia, mifereji yake inaubana uzi, na gitaa litapotea sauti katikati ya wimbo. Vigingi vyenyewe vizunguke kwa ulaini ulio sawa, bila kuchezacheza.

6. Mfumo wa umeme

Sasa ndipo umefika wakati wa amplifaya. Omba vionjo vyote vizimwe: mwangwi, mikwaruzo ya makusudi na vinginevyo. Sauti safi haina pa kufichia kasoro. Zungusha polepole kitufe cha sauti, kisha cha ukali. Mchakacho wa muda mfupi huashiria vumbi. Sauti ikikatika kabisa, kitufe kimechakaa. Peleka swichi ya vinasa kila upande, na kila mahali pawe na sauti. Tikisa kidogo waya pale unapoingia kwenye gitaa. Ikikatikakatika, tundu limelegea au lehemu imeachia. Kasoro hizi zote hurekebishwa kwa gharama ndogo; zitumie kupunguza bei, wala zisiwe sababu ya kukataa gitaa lililo zuri.

Mvumo wa chini unaosikika wakati hupigi hauna maana moja. Kinasa chenye mzunguko mmoja wa waya hudaka mvumo wa umeme wa majumbani, na ndiyo tabia yake. Kinasa chenye mizunguko miwili kilibuniwa miaka ya 1950 mahususi ili kuufuta mvumo huo. Ukigeuka kidogo na mvumo ukapungua, chanzo ni taa au mashine iliyo karibu. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, hilo ni jambo la kawaida.

Lakini ukihisi kuchomwachomwa vidoleni unapogusa nyuzi, au unapogusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja, acha mara moja. Chomoa amplifaya ukutani, wala usiendelee kujaribu. Hiyo ni dalili ya hitilafu ya umeme, hasa katika amplifaya au katika soketi isiyo na waya wa ardhini, nayo huweza kuua. Usimruhusu yeyote aukate waya wa ardhini ili kuondoa mvumo. Tahadhari pia na amplifaya za mitumba: umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, ilhali Marekani ni volti 120 na Japani ni volti 100. Soma kibandiko kilicho nyuma kabla ya kuchomeka.

7. Kuisikiliza sauti

Sauti nzuri hutegemea kazi iliyokusudiwa. Katika muziki wa dansi, gitaa la solo hutakiwa kung'aa na kupenya juu ya ngoma na tarumbeta, na gitaa la rithim hutakiwa kutoa mipigo mifupi iliyo safi, isiyomeza sauti za waimbaji. Kinasa kilicho karibu na daraja hutoa sauti kali. Kilicho karibu na shingo hutoa sauti nzito na laini. Jiulize kwanza gitaa litafanya kazi gani, ndipo uamue ni sauti ipi iliyo nzuri.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo kila gitaa lazima liyatimize. Nyuzi sita zitoke kwa nguvu zinazolingana, bila mmoja kuzama. Ukipiga nyuzi zote kwa pamoja, kila moja isikike ndani ya mkusanyiko huo, isiwe tope. Uzi ukiachwa utetemeke, sauti ififie polepole, isikatike ghafla. Unapolinganisha magitaa mawili, tumia amplifaya ileile, katika ukubwa uleule wa sauti, kwa kuwa sikio la binadamu hudhani kilicho na sauti kubwa zaidi ndicho bora. Iwapo hujui kupiga, nenda na anayejua, umkabidhi gitaa, kisha wewe usimame mbele ya spika na kusikiliza.

8. Jina kichwani

Majina mashuhuri kama Fender na Gibson hughushiwa. Jina kichwani si ushahidi, na hata namba ya utambulisho huweza kunakiliwa. Linganisha umbo la kichwa, herufi za jina, skrubu na daraja na picha zilizo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Bei iliyo chini mno kuliko ya kawaida iwe onyo kwako. Fahamu pia kwamba Squier ni jina halali la Fender, na Epiphone ni jina halali la Gibson, kwa magitaa ya bei nafuu zaidi. Gitaa halali la bei nafuu, lililofaulu vipimo vilivyotangulia, ni bora kuliko jina kubwa la kughushi.

9. Sheria na stakabadhi

Uchunguzi huu una uzito wa kisheria pia. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo yapaswa kulingana na maelezo hayo. Lakini mnunuzi akiwa ameichunguza bidhaa kabla ya kuinunua, hawezi kutegemea sharti la ubora kwa kasoro ambayo uchunguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo uchunguzi wa juujuu hauna faida: ukilishika gitaa, lichunguze kikamilifu, na kila kasoro uliyoahidiwa kurekebishiwa iandikwe.

Dai risiti ya EFD inayotaja jina na modeli ya gitaa. Omba namba ya utambulisho iandikwe, pamoja na hali yake, ikiwa jipya au lililotumika, na muda wa dhamana kama upo. Bango lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kumpotosha mlaji, na bidhaa bandia zinashughulikiwa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, yakiambatana na risiti na picha za bidhaa.

Muhtasari wa kubeba dukani

Kwanza: shingo haikujisokota, haina ufa, na fimbo yake inazunguka. 
Pili: nusu mbili za uzi zinakaribiana kwa kipimo cha tepu. 
Tatu: mahali pote pa kubonyeza pametoa sauti safi. 
Nne: freti ya 12 inakubaliana na uzi ulio wazi. 
Tano: vinasa, swichi, vitufe na tundu vinafanya kazi, na hakuna mshtuko wa umeme. 
Sita: sauti inafaa kwa kazi iliyokusudiwa. 
Saba: risiti imeandikwa kikamilifu.

Gitaa likishindwa katika mambo manne ya kwanza, na muuzaji asiweze kulirekebisha mbele yako, usilinunue. Likishindwa katika la tano kwa kasoro ndogo, jadili bei. Dalili ya mshtuko wa umeme haina mjadala. Na likifaulu yote, basi hata rangi yake isipokupendeza sana, ujue umepata chombo kitakachomfundisha mpigaji kwa haki: akikosea, kimwambie amekosea, na akipatia, kimwambie amepatia.